Aliyoyasoma Bwana Ngoja

Madaftari yalikuwa thelathini na moja. Binti wa marehemu aliyahesabu mara mbili, akayapanga juu ya meza ya baba yake kwa kufuata namba zilizoandikwa migongoni, akavuta kiti, akachonga penseli. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusahihisha miswada katika kiwanda cha uchapaji, na mtu wa kazi hiyo hakai mbele ya karatasi mikono mitupu, hata kama karatasi yenyewe ni ya baba aliyemzaa.

Baba alikuwa na miezi saba kaburini. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtaalamu wa popo, mtu mzito katika Taasisi ya viumbe, na huko Taasisi, nyuma ya mgongo wake, walimwita Bwana Ngoja. Halikuwa jina la matusi. Ukimwuliza kama mvua inanyesha alisema, "Ngoja," akaenda dirishani, akatoa mkono nje, akautazama ulivyolowa, ndipo akajibu.

Katika wosia wake aliandika mstari mmoja juu ya madaftari hayo: yaende maktaba ya Taasisi, yote, lisipunguzwe hata moja. Mkutubi angekuja kuyachukua Ijumaa. Taasisi ilikuwa inakipa chumba kipya cha kusomea jina la marehemu, na ilitaka madaftari yake yakae humo ndani ya kabati la kioo, pamoja na orodha fupi ya yaliyomo. Binti ndiye aliyeombwa kuiandika orodha hiyo. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Yaani mtu anaandika kila kitu alichosoma?" aliuliza kaka yake, amesimama mlangoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Yeye alikuwa na ofisi ghorofa ya pili ya Taasisi hiyo hiyo. "Mimi hata nilichokula jana sikumbuki."

"Ulikula kwangu, kaka. Na kingine ukabeba."

"Basi kitie kwenye orodha." Alicheka, akatazama saa. "Usichimbe sana, mdogo wangu. Wanataka karatasi moja tu."

Alipoondoka, binti alifungua daftari la kwanza.

Baba yake alisoma kama nesi anavyoandika joto la mgonjwa. Kila kitabu na kila makala ilikuwa na mstari wake: namba, jina, siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Asipomaliza, nafasi ya siku ya kumaliza ilibaki wazi, na vitabu kadhaa vya wakubwa wa fani yake vilibaki hivyo mpaka leo. Kisha maoni kwa herufi ndogo. Na mwisho wa mstari, katika safu nyembamba, neno moja. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: Ndiyo, Hapana, Ngoja. Ndiyo, ameamini alichosoma. Hapana, hakuamini. Ngoja, ushahidi haujatosha.

Wala hakufuta kitu. Watu wanaoishi kwa kuandika walichokiona wana sheria yao: ukikosea, piga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili bado lisomeke, andika neno jipya pembeni, weka tarehe. Mpira wa kufutia haukuingia kamwe katika chumba kile.

Kufika Jumanne mchana binti alikuwa amekutana na baba ambaye hakuwahi kumjua. Alimwona akimsifu mwalimu wake hadharani miaka sita, huku daftarini amempa Hapana tangu kitabu cha kwanza. Alimwona, mwaka aliozaliwa yeye, akisoma vitabu vinne vya malezi, vyote akaviandikia Ngoja. Hapo alicheka peke yake mpaka machozi.

Kicheko kilimwishia kwenye daftari la kumi na tano. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Baba aliendelea kusoma, aliandika siku za kuanza na za kumaliza, lakini neno hakutoa. Ikapita miezi, ukapita mwaka, ikawa miaka miwili. Ndipo maneno yakarudi, machache, na yote juu ya mambo mengine: mimea, nyota, dini, magonjwa ya figo. Juu ya popo hakumaliza kusoma kitu kipya tena mpaka anakufa, ingawa aliendelea kuwafundisha watu habari za popo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Na kila mwaka, tarehe tisa ya mwezi wa tano, palikuwa na mstari mmoja usio na maoni: "Nimesoma tena 14/88."

Aliihesabu mistari hiyo. Ilikuwa ishirini na mitano. Kisha akalivuta tena daftari la kumi na nne, ambalo alikuwa amelipitia upesi, na kutafuta namba themanini na nane.

Ilikuwa makala ya kurasa tisa, kutoka jarida la nje, juu ya homa inayotoka kwa popo wa mapangoni. Imeanzwa tarehe ishirini na sita mwezi wa nne, imemalizwa siku hiyo hiyo. Maoni yalisema hivi: "Anadai homa huingia kwa mikwaruzo ya vidole wakati wa kuchuna. Anataka wachunaji wavae glavu. Glavu hunyima vidole hisia, mabawa huchanika. Amepima wanyama tisa tu. Nitamwambia Fundi wasivae." Na safuni: Ngoja.

Ngoja hiyo ilikuwa imepigwa mstari mmoja mwembamba. Pembeni yake iliandikwa Ndiyo, na tarehe tisa mwezi wa tano.

Binti aliweka penseli chini.

Kisa chenyewe hakikuwa siri kwa mtu yeyote wa Taasisi. Miaka ishirini na sita iliyopita waliletwa popo mia nne kutoka pangoni, wachunwe ngozi za kuhifadhiwa Taasisi, haraka, kabla hawajaoza. Kazi ilianza tarehe mbili ya mwezi wa tano, katika chumba cha kuchunia kilicho nyuma ya jengo. Aliyekisimamia chumba hicho alikuwa Fundi, mtu ambaye angeweza kumvua popo ngozi yake kama unavyomvua mtoto soksi, na chini yake walikuwako wasaidizi wawili. Mmoja wao, waliyemwita Mrefu, alishikwa na homa tarehe nane. Mahali pake akaingia kijana wa miaka ishirini na miwili, shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe. Mrefu alikufa tarehe kumi na nne. Yule shemeji alikufa tarehe ishirini na tatu. Fundi naye aliugua, ila yeye alipona, na kupona kwake kukawa kosa jingine.

Tume ya uchunguzi iliketi siku mbili. Bwana Ngoja alisema mbele yake kwamba wakati ule hakuna aliyejua hatari hiyo, na kwamba yeye, kwa usafi tu wa kawaida, aliagiza glavu zivaliwe. Fundi alisema aliambiwa wasivae. Ulikuwa mdomo wa Fundi dhidi ya mdomo wa mtaalamu. Fundi akafukuzwa kazi, na huko mtaani akapewa jina: Mwuawenzake.

Hayo binti aliyajua tangu utotoni, kama mtu anavyojua kwamba kulikuwa na vita mahali fulani. Alichokikumbuka yeye mwenyewe ni kitu kingine. Alikuwa na miaka tisa, na mwezi huo wa tano baba yake, mtu ambaye hata Jumapili alikwenda kazini, alibaki nyumbani siku nne mfululizo. Alisema kichwa kinamuuma. Walikaa wawili kwenye sofa, naye akamsomea kitabu kizima cha hadithi za wanyama, akiigiza sauti za fisi na za kobe. Katika maisha yake yote binti hakuwahi kuwa na siku nzuri kuliko hizo nne. Alipozaa, aliwasimulia wanawe habari zake. Kwenye mazishi, aliposimama kumwelezea marehemu, alizisema hizo.

Alishuka kwa kidole hadi mstari wa themanini na tisa. Hadithi za wanyama. Imeanzwa tarehe tisa mwezi wa tano, imemalizwa tarehe kumi na mbili. "Nimesoma na binti." Safuni: Ndiyo.

Alikaa pale mpaka chai yake ikafanya utando juu.

Jumatano aliomba ruhusa kazini, akaenda maktaba ya Taasisi. Tarehe zinaweza kukosewa. Yeye aliishi kwa kuwakosoa watu tarehe. Mkutubi, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtolea jarida lenyewe kutoka ghala la chini. Muhuri wa kupokelewa ulisema ishirini na nne mwezi wa nne.

"Muhuri huu unaweza kukosea, mzee?"

"Mwanangu, muhuri hauna undugu na mtu," mkutubi alisema. "Mimi ndiye niliyeugonga. Siku ile ile baba yako akalichukua. Alikuwa hawezi kuona jarida jipya likalala."

Alhamisi asubuhi alifananisha mwandiko wa ile Ndiyo na mwandiko wa mistari mingine ya mwezi huo. Akafananisha wino. Akachukua lenzi. Mchana alifikiria kwamba pengine ingefaa amtafute daktari amweleze namna homa hiyo inavyokwenda, halafu aangalie kama kuna kumbukumbu za tume, halafu aandike mambo yote mawili pembeni, ayapime. Alikuwa ameshaandika namba moja na namba mbili kwenye karatasi ndipo mkono wake ukasimama.

Siku tatu alikuwa amelishika jambo hilo, na katika siku hizo tatu mtu mmoja aliye hai alikuwa ameamka asubuhi na kulala usiku akiitwa Mwuawenzake. Aliitazama karatasi yake. Hata herufi zake zilikuwa ndogo kama za baba.

Kaka alikuja saa tisa, na dada yake akamwonyesha. Alisoma amesimama. Alisoma mara ya pili ameketi.

"Marehemu hasemwi," alisema mwishowe.

"Simsemi mimi. Amejisema mwenyewe."

"Madaftari thelathini na moja, dada. Nani atahesabu? Wakipata thelathini watashukuru." Sauti ilimshuka. "Mimi naingia kwenye lile jengo kila siku. Jina langu ni lake."

"Ameandika yote. Lisipunguzwe hata moja."

"Mtu aliyefunga mdomo miaka ishirini na sita, leo ndiyo tumtii?"

Swali lilikuwa la haki. Baba alijua madaftari yatasomwa. Alijua ni nani atakayeyasoma, kwa penseli, mstari kwa mstari. Alikuwa na uwezo wa kusema akiwa hai, kila mwaka alipewa tarehe tisa nyingine ya kusemea, na kila mwaka alikaa chini akasoma zile kurasa tisa na kunyamaza. Kisha akamwachia mtoto wake.

"Nipe hadi kesho," alisema kaka. "Fikiri."

"Nimeshafikiri sana, kaka. Ndiyo maradhi yetu."

Jioni ile ile binti alimfuata Fundi, ambaye siku hizi alikuwa anashona viatu kwenye kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa ghala la mbao. Vidole vyake vilikuwa virefu na safi kuliko vya washona viatu wengine. Binti alipoinama kuingia, Fundi alimtambua kabla hajasema.

"Una paji la uso la Bwana Ngoja," alisema. "Kaa. Kigoda kina mguu mmoja mgonjwa, kaa upande huu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kiatu au maneno?"

"Maneno."

"Ndiyo hayo, viatu huletwa na watu wengine." Aliendelea kuvuta uzi. "Pole kwa msiba. Sikuja kuzika. Ningekuja, watu wangenitazama mimi badala ya jeneza."

Binti alimsomea mistari yote miwili, wa themanini na nane na wa themanini na tisa, pamoja na tarehe. Fundi hakuacha kushona mpaka aliposikia Ndiyo na siku yake. Hapo sindano ilisimama.

"Tarehe tisa."

"Tisa."

"Tarehe tisa jioni nilimpelekea barua nyumbani kwenu. Nikamwandikia: Mrefu anaungua homa, kazi ni nyingi, nina shemeji yangu hapa hana kazi, nimchukue? Barua ikarudi asubuhi. Chini yake ameandika neno moja. Mchukue." Aliitazama soli iliyokuwa gotini kwake. "Yeye, ambaye hajawahi kunijibu kitu kabla ya wiki kwisha."

"Barua iko wapi?"

"Ilikuwa mfukoni mwa koti la kazi. Nilipolazwa walichoma nguo zangu zote." Akacheka kidogo, bila furaha. "Chumba kizima tulikuwa tunamtania: Bwana, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na yeye anatabasamu. Kumbe matumbo yenyewe ni yetu."

Binti alisema neno la kuomba msamaha. Lilimtoka vibaya, akalirudia.

"Wewe ulikuwa unasomewa hadithi," alisema Fundi. "Mtoto hana kosa la kusomewa. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi hujaniambia kitu. Nilichoambiwa nilikijua, nilichofanya nilikijua. Kampe habari asiyejua. Mke wangu yupo. Ni dobi, yuko nyuma ya soko la nguo, kwenye mlango wa bluu. Tangu tulipomzika mdogo wake hajasimama penye kivuli changu. Wanangu amewalea yeye. Mwendee yeye, msomee kama ulivyonisomea. Usiongeze, usipunguze."

"Na wewe uje?"

"Nikija atafunga mlango, na wewe utabaki nje na daftari lako."

Ijumaa mkutubi alikuja na masanduku mawili. Binti alimpa madaftari thelathini na orodha iliyojaa karatasi sita. La kumi na nne, alimwambia, ataleta mwenyewe Jumatatu, maana kuna mtu wa kusomewa kwanza. Na kwenye orodha, mbele ya namba kumi na nne, alikuwa ameandika mambo yote, pamoja na neno lililopigwa mstari. Kaka yake aliisoma orodha hiyo palepale, mbele ya mkutubi. Aliirudisha, akashuka ngazi bila kuaga.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la pasi. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, mashati meupe yamening'inia mpaka darini, na mwanamke mnene wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, akinyoosha kola kwa ncha ya pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za leo zimejaa. Labda Jumanne."

"Sikuleta nguo." Akajitambulisha ni binti wa nani. Pasi haikusimama, ila iliacha kola na kuanza mgongo wa shati, mahali pasipohitaji macho.

"Soma basi," alisema dobi baada ya kuelezwa. "Masikio hayana kazi."

Alisoma. Hakuongeza, hakupunguza. Kisha akasema na habari ya barua, na lile neno lililokuwa chini yake, akasema wazi kwamba barua hiyo haipo, kwamba hiyo ni kauli ya Fundi.

Dobi aliisimamisha pasi wima. "Aliniambia," alisema. "Hiyo ya barua aliniambia wiki ile ile ya mazishi. Nikamwambia, unamsingizia mtu mwenye vitabu. Mbele ya mama yangu nilimwambia hivyo. Mama akamtemea mate." Alichukua shati jingine, akalitandaza, akalitoa tena. "Tarehe kumi na moja, kumi na mbili, baba yako alikuwa wapi? Maana mdogo wangu alisema mwenye kazi haonekani."

"Alikuwa nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Alikuwa ananisomea."

"Ukafurahi."

"Nilifurahi sana, mama."

Dobi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa mahali pabaya. Hakupandisha sauti. "Hicho kitabu kinakwenda wapi?"

"Maktabani. Kila atakaye atakisoma. Na nitaandika barua kwa Taasisi, niwaombe wairudie kazi ya tume."

"Mama yangu hatakisoma. Alikufa mwaka juzi, amekufa anamlaani." Nje, barabarani, mtu alikuwa anabishana na mtu juu ya mahali pa kuegesha gari. "Miaka ishirini na sita. Nilimkatalia hata kumwona mwanawe wa mwisho akihitimu. Alisimama nje ya uzio. Nilimwona, nikawaambia watoto wageuke wapigwe picha upande wa pili."

Binti alilifunga daftari.

"Anakaa wapi siku hizi?" dobi aliuliza.

"Ana kibanda, kwenye ukuta wa ghala la mbao. Analala chumba cha nyuma yake. Nikupeleke, mama?"

"Sijasema nakwenda. Nimeuliza anakaa wapi." Dobi alilirudisha shati mezani, akalinyunyizia maji kwa vidole, akashika pasi. Mvuke ukapanda. Alipiga pasi mkono mmoja wa shati, akaugeuza, akapiga upande wa pili, akafika kwenye kishikizo.

"Hilo ghala," alisema bila kuinua uso, "unaingilia kona ya pili au ya tatu?"